Kwa dada aliyeuliza kama akubali trela la kulala: jibu la mtu aliyekulia chini ya turubai

Dada, umeuliza kama umruhusu mumeo anunue trela la kulala, yaani kile kinyumba cha magurudumu kinachovutwa na gari kwenda mapumzikoni, na umesema wazi kwamba ulilala chini ya turubai miaka ya kutosha, huoni sababu ya kulipa dola ili urudie shida ile ile. Wengi wamekujibu "jaribu tu, utapenda". Mimi nakujibu kwa kirefu, maana hayo maneno yako ya kukataa niliyasema mimi pia, karibu neno kwa neno.

Nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Tanzania. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, sisi tukaingia tukitokea upande wa Fizi, Kongo. Walioishi kule wanajua. Mchana turubai likipigwa na jua, ndani hakukaliki. Mvua ikija na upepo, wakubwa wanashika kamba hadi asubuhi. Choo kiko mbali na mtoto wa kike haendi peke yake gizani. Kuni zinafuatwa nje ya kambi, na mama akienda kuzitafuta nyumba nzima haitulii mpaka arudi. Mtu aliyelelewa hivyo, leo ana kitanda chake na maji ya moto hapa Grand Rapids, Michigan, ukimwambia twende tukalale hemani kwa starehe, lazima akukatalie. Kukataa kwako kuna sababu, na mumeo aisikie yote kabla hajatoa pesa. Wangu aliisikia. Yeye pia alikulia humo humo, ila wanaume wengi wa rika letu wanaikumbuka kambi kwa mpira na marafiki. Sisi tunaikumbuka kwa ndoo.

Mimi sikubadilishwa na maneno ya mtu. Shemeji yangu anafanya kazi Elkhart, Indiana, mwendo wa kama saa mbili kusini kwetu. Sehemu kubwa ya matrela ya kulala ya Marekani hutengenezwa katika kaunti ile, na yeye kazi yake ni kufunga makabati ya ndani. Siku moja alinipeleka kuona trela la jirani yake. Nikapanda ngazi, nikaingia, nikafunga mlango kwa ndani, nikasimama. Mlango una kufuli. Choo kiko hatua tatu kutoka kitandani, na kina maji. Kuna jiko la gesi, friji, hita, bafu dogo, vitanda vya kupandiana kwa watoto. Nikamwambia mume wangu: hili nitalala, lakini hema usinitajie tena. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu na yanasimama hadi leo.

Kwa hiyo, dada, kabla ya kubishana juu ya pesa, ingia ndani ya trela moja wewe mwenyewe. Kaa chooni, lala kitandani, jaribu kufunga mlango. Mwili wako utakuambia haraka kuliko sisi wote hapa.

Safari tunayoipenda ni Ludington State Park, hifadhi ya jimbo kwenye ufuko wa Ziwa Michigan. Watu wa Ziwa Tanganyika mtanielewa. Kule kwetu, siku ya anga safi, unaona milima ya ng'ambo. Hapa huoni kitu, maji yanakwenda mpaka yanagusa mbingu. Ziwa letu lina kina kirefu, mita 1,470, wakati hili lina mita 281 tu, lakini kwa upana hili linalipita mbali. Kuna vilima vya mchanga mweupe, na ukitembea karibu kilomita 3 kutoka mahali pa kuegesha matrela unafika mnara wa taa wa Big Sable Point, uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1867. Mwezi wa Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, na watoto hawakubali kuingia ndani kabla halijazama.

Mjini Ludington kuna meli iitwayo Badger, ilianza kazi mwaka 1953, na hadi sasa inatumia mvuke wa makaa ya mawe kuvusha watu na magari kwenda Wisconsin wakati wa kiangazi. Tulipoenda kuiona ikiingia bandarini, ikapiga honi, na mume wangu akaanza kuwasimulia watoto habari za Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika: kwamba Wajerumani waliitengeneza mwaka 1913, wakaileta vipande vipande hadi Kigoma, wakaizamisha wenyewe wakati wa vita, ikaibuliwa, ikarudi majini. Akaendelea. Akawasimulia Kigoma, akawasimulia mji wa Baraka, akawasimulia marehemu baba yake aliyevua samaki aina ya mikeke usiku kwa taa. Mambo hayo hakuwahi kuyasema nyumbani. Nyumbani kila mtu ana simu yake na chumba chake, na mimi na yeye tunapishana zamu za kazi. Pale hakuna pa kwenda. Jioni mnakaa mduara mmoja kwa sababu moto ni mmoja.

Na moto huo, dada, ndio uliomvuta mama mkwe wangu. Alikuja kwa kulinda tu, akisema hawezi kuwaacha wajukuu porini. Akakuta kuni zimefungwa, zimekauka, zinauzwa pale pale. Alikaa akizitazama. Kisha akauliza mbona kuna tangazo linaomba watu wasilete kuni za nyumbani, tukamweleza kuhusu mdudu wa kijani kutoka Asia anayeua miti iitwayo ash, aliyegunduliwa hapa Michigan mwaka 2002 na anayesafiri ndani ya kuni za watu. Akasema hilo ni jambo zuri. Tangu hapo yeye ndiye mwenye moto. Hakuna anayeruhusiwa kugusa gogo bila idhini yake. Sombe (kisamvu) naipika nyumbani, naigandisha, ugali nasonga kwenye jiko la trela, ndagala (dagaa) anakaanga yeye nje ili harufu isibaki kwenye mapazia. Majirani wanakuja kuuliza tunapika nini, na wanakaa. Mtaani kwetu naishi na watu ambao sijui majina yao. Kule mtu anakusalimu kabla hujateremka garini, na wa trela la pili anamsaidia baba watoto kurudisha trela nyuma bila kuombwa.

Sasa mambo ya chuma, maana hapa ndipo familia zinapoumia.

Uzito kwanza. Muuzaji mmoja alitutazama na gari letu la familia akasema "litavuta bila shida". Tukasoma kitabu cha gari: mwisho wake ni pauni 3,500, yaani kama kilo 1,590. Trela lenye vitanda vya watoto, tupu tu, mara nyingi limeshapita hapo, na hujaweka maji, mitungi ya gesi, vyombo, mchele na baiskeli. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jaza tangi uone. Usiamini mdomo wa muuzaji, amini kibandiko cha kwenye gari na kile cha kwenye trela. Halafu mzigo unaokandamiza sehemu ya mbele, pale linapoungana na gari, uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Ukipakia vitu vizito nyuma, mbele panakuwa pepesi na trela linaanza kuyumba barabarani. Kuyumba huko ndiko kunakogeuza magari. Na gari liwe na kidhibiti cha breki za trela, hata kama mtu atakuambia safari ni fupi.

Kama mnanunua lililotumika, angalieni mambo mawili kabla ya rangi na mapazia. La kwanza ni maji: bonyeza kuta kwenye pembe na chini ya madirisha, ukikuta palipolainika au harufu ya ukungu, ondokeni, paa limevuja na mbao zimeoza. La pili ni tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 3219 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama, hata kama linaonekana jipya.

Choo kisikutishe. Hifadhi nyingi za jimbo hukupa umeme pale unapoegesha, maji machafu unayabeba kwenye matangi na kuyamwaga kituoni siku ya kuondoka. Valvu ya tangi la choo ikae imefungwa muda wote, tumieni maji mengi, mkifika kituoni mwageni la choo kwanza, kisha la sinki na bafu ili lisafishe bomba. Glavu, dakika chache, kazi imeisha. Nimefagia vyoo vibaya zaidi ya hivyo.

Jambo moja nasisitiza kwa sababu wengi wetu hatukufundishwa kuogelea: fukwe za hifadhi hizi kwa kawaida hazina waokoaji, na Ziwa Michigan lina mikondo inayovuta mtu ndani. Tazameni bendera. Zikiwa mbili nyekundu, hakuna kuingia majini kabisa, hata miguu.

Gharama zipo na usifichwe: bima, mahali pa kulihifadhi, na kila mwaka kabla ya baridi kali lazima mabomba yatolewe maji na kutiwa dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, la sivyo yanapasuka. Kama mtalitumia wikiendi moja kwa mwaka, kodisheni tu.

Na ndivyo ningeanza: kodisheni dogo kwa siku mbili, karibu na nyumbani. Nafasi za kuegesha kwenye hifadhi za Michigan hufunguliwa miezi sita kabla na za Julai huisha upesi, lakini Septemba watoto wakisharudi shule, wikiendi bado hupatikana, mbu wamepungua na maji ya ziwa bado yana joto. Chagua nafasi iliyo karibu na jengo la mabafu. Mumeo aendeshe na amwage tangi, wewe shika ufunguo wa mlango.