Kabla ya Kununua Swichi Mpya, Chimba Mtaro

Asubuhi ya siku ya usajili wa mitihani, mtandao wa chuo nilikokuwa nafanya kazi ulikufa kampasi nzima. Taa za swichi, vile vifaa vinavyounganisha kebo za kompyuta, zilikuwa zinawaka, tena zinametameta kuliko kawaida, lakini hakuna ukurasa uliofunguka na simu za mezani zilikaa kimya. Kwanza tuliwapigia watoa huduma ya intaneti. Kisha tukazima na kuwasha ruta, kifaa kinachopeleka data kati ya mitandao, tukarudia kwenye faiwoli, mlinzi wa mlangoni. Alasiri ndipo mwenzangu, aliyekuwa akichomoa kebo moja baada ya nyingine, alipofika kwenye chumba cha hosteli ambako mtu alikuwa amechomeka ncha zote mbili za waya mmoja katika swichi ndogo ya mezani. Waya wa mita moja ulikuwa umesimamisha chuo kizima.

Nimeshiriki kusuka upya mitandao ya vyuo kadhaa tangu siku ile, na kila nikiulizwa pa kuanzia, narudi hapo. Aliyechomeka ule waya sikuwahi kumlaumu. Mtandao ambao chumba kimoja cha hosteli kinaweza kuuangusha wote umesukwa vibaya, na waliousuka ni sisi.

Kilichotokea ni hiki. Pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data chenye anwani ya kiendako, hubeba hesabu inayopungua kila inapopita kwenye ruta, na hesabu ikiisha pakiti hutupwa. Fremu ya Etheneti, bahasha inayobeba pakiti hiyo kutoka swichi hadi swichi, haina hesabu hiyo. Ikiingia kwenye kitanzi huzunguka bila kufa, na zile za matangazo, zinazotumwa kwa kompyuta zote, hunakiliwa kwenye kila tundu, hadi swichi zote zinashughulika na kelele tupu. Dawa yake ni ya zamani: Radia Perlman alibuni itifaki ya spaning tri mwaka 1985 ili swichi zitambue vitanzi na kuvifunga. Lakini kwetu ilikuwa imezimwa kwenye nusu ya swichi, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeizima wala kwa nini.

Hata hivyo, ugonjwa wenyewe ulikuwa umbo la mtandao. Majengo yetu yalining'inia moja juu ya jingine: maktaba ilitoka kwenye utawala, maabara ikatoka kwenye maktaba, hosteli ikatoka kwenye maabara. Kila jengo jipya lilipojengwa, fundi alivuta kebo kutoka jengo lililo karibu, kwa sababu ndiyo njia fupi. Umeme ukikatika maktaba, hosteli nayo inakosa mtandao. Na juu ya mnyororo huo wote kulikuwa na mtandao mmoja bapa, kila kompyuta ikisikia matangazo ya kila kompyuta nyingine.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni umbo la nyota. Kila jengo liwe na faiba yake, yaani kebo ya nyuzi za kioo, inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye kitovu, na kitovuni uweke kifaa kinachoelekeza pakiti kwa IP, si swichi ya kawaida tu. Mtandao wa jengo uishie kwenye jengo. Hapo kitanzi kikitokea hosteli, kinawaumiza wa hosteli peke yao, nawe unajua pa kwenda bila kuchomoa kebo za kampasi nzima. Chuo cha majengo ishirini hakihitaji ngazi tatu za vifaa kama inavyochorwa kwenye vitabu vya wauzaji. Kitovu kimoja imara na swichi za majengo vinatosha. Kituo cha NSRC cha Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kimekuwa kikifundisha muundo huu kwa miaka mingi na masomo yake hutolewa bure. Yasome kabla ya kukaa mezani na muuzaji yeyote.

Utaombwa VLAN moja, yaani mtandao mmoja uliotengwa ndani ya swichi zile zile, ya wafanyakazi wote, popote walipo. Kataa kwa upole. VLAN inayopita majengo yote inarudisha mtandao bapa kwa mlango wa nyuma. Badala yake panga anwani ili zijieleze. Ukitumia 10.0.0.0/8, yaani anwani za ndani zinazoanza na 10, namba ya pili iwe namba ya jengo na ya tatu iwe aina ya watumiaji: 10.12.10.0/24 ni wafanyakazi wa jengo la 12, 10.12.20.0/24 ni wanafunzi wa jengo hilo hilo, 10.12.40.0/24 ni kamera. Fundi akiona anwani kwenye ripoti saa nane za usiku, anajua tayari ni jengo gani. Sheria za faiwoli nazo zinakuwa rahisi kuandika.

Sasa ardhi, maana hapa ndipo naona pesa nyingi zinapotea. Swichi utaibadilisha baada ya miaka michache hata ikiwa nzima, kwa sababu mtengenezaji ataacha kutoa masasisho ya usalama. Faiba iliyolazwa vizuri itavuka vizazi kadhaa vya swichi. Lakini bajeti nyingi nilizoziona zinafanya kinyume: swichi za kifahari juu, na chini kebo ya shaba inayopita hewani kati ya paa na paa. Shaba ya Etheneti ina kikomo cha mita 100. Hata kama jengo la jirani liko mita 40, usiivute nje. Majengo mawili yanaweza kuwa na tofauti ya umeme kwenye nyaya zao za ardhini, na radi ikipiga karibu, shaba hubeba mshtuko hadi kwenye swichi za pande zote mbili. Faiba ni kioo. Haipitishi umeme.

Chagua singo modi, faiba yenye kiini chembamba cha kupitisha mwanga, hata kwa masafa mafupi. Chuo kimoja nilikofanya kazi kilikuwa na malti modi, yenye kiini kinene, ya kizamani ya mikroni 62.5, iliyokuwa ikibeba gigabiti moja bila shida. Tulipotaka kupanda hadi gigabiti 10, kwa moduli (vifaa vya kutuma na kupokea mwanga kwenye ncha za kebo) za kawaida za malti modi, kebo ile ilihesabiwa kufika mita 33 tu, yaani haikutoka hata nje ya uwanja. Tulilazimika kuvuta upya. Singo modi kwa moduli za kawaida hufika kilomita 10 kwa kasi hiyo hiyo, na kesho ukitaka kasi zaidi unabadilisha moduli za mwishoni tu.

Gharama kubwa ya faiba ni jembe. Ukishafungua mtaro, laza mabomba mawili, moja libaki tupu likiwa na kamba ya kuvutia ndani yake. Weka nyuzi nyingi kuliko unazohitaji: mimi sishuki chini ya 12 kwa jengo dogo na 24 kwa kubwa. Mkandarasi akimaliza, usimlipe fungu la mwisho kabla hajakukabidhi vipimo vya OTDR, kifaa kinachoonyesha uzi umeharibika wapi, vya kila uzi na ramani yenye umbali kutoka kwenye kona za majengo. Ramani hiyo ndiyo itakayokuokoa siku watu wa maji watakapokuja kuchimba.

Kwenye majengo yenyewe sina mengi ya kusema. Nunua swichi zinazosimamika kwa mbali, washa spaning tri na ulinzi wa BPDU (unaofunga tundu likipokea ujumbe wa spaning tri) kwenye matundu ya watumiaji, weka kikomo cha matangazo, na washa DHCP snuping, inayozuia vifaa visivyoruhusiwa kugawa anwani, kwa sababu kuna siku mtu ataleta ruta ya nyumbani na kuichomeka kinyume, nayo itaanza kugawa anwani za uongo kwa jengo zima. Kabati la swichi lipate UPS, yaani betri ya akiba, na hewa. Lisichangie chumba na ndoo na mafagio.

Wi-Fi ndiyo watu wanayoiona, na ndiyo wakuu wa chuo watakayoitaka kwanza. Lakini kila kirusha mawimbi kinahitaji kebo, umeme wa PoE, unaopita kwenye kebo hiyo hiyo, na njia safi hadi kitovuni, kwa hiyo kukifunga juu ya mtandao mbovu ni kuupa ubovu ule masikio mengi zaidi. Kwenye ukumbi wa mihadhara, usiongeze nguvu ya mawimbi. Simu itakisikia kirushaji kutoka mbali, lakini yenyewe haina nguvu ya kujibu. Weka virushaji kadhaa vyenye nguvu ndogo, tegemea masafa ya 5 GHz, na kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 na 11 peke yake. Muda wa kukopesha simu na kompyuta anwani uwe mfupi, saa moja au mbili, la sivyo wanafunzi wa kipindi cha asubuhi wataondoka na anwani za wale wa mchana. Kuingia kuwe kwa 802.1X, ambapo kila mtu hutumia akaunti yake, badala ya nywila moja inayoandikwa ubaoni. Ukifika hapo, kujiunga na eduroam, mpango wa vyuo kushirikiana Wi-Fi, ni hatua fupi, na mwanafunzi wako atapata mtandao kwenye vyuo vya nchi nyingine kwa akaunti ile ile ya nyumbani.

Kuhusu kuhama: usihamishe kampasi yote usiku mmoja. Tulijaribu mara moja, na asubuhi tulikuwa na matatizo kumi yaliyofanana, yenye visababishi kumi. Siku hizi tunasimamisha kitovu kipya kando ya cha zamani, tunaviunganisha, kisha tunahamisha jengo moja kwa wiki. Tunaanza na letu wenyewe ili maumivu ya kwanza yawe yetu, na hosteli zinangoja likizo. Jengo la usajili na lile la malipo ya ada huja mwisho. Mwezi mmoja kabla ya jengo la kwanza, tunasimika LibreNMS, programu ya kufuatilia mtandao ambayo ni bure, ili tuwe na grafu za mtandao wa zamani. Mtu akisema mtandao mpya ni wa polepole kuliko ule wa kwanza, tunafungua grafu mbele yake. Mara mbili alikuwa amesema kweli: tundu moja lilikuwa limejipunguza hadi megabiti 100 kwa sababu ya kichwa cha kebo kilichobanwa vibaya.