Mama na kiti chake cha umeme melini

Dada, umeuliza kama mama anayetumia kiti mwendo cha umeme ataiweza safari ya meli ya kitalii kutoka Miami hadi Karibiani. Ataiweza, ila usianze na bei, anza na chumba. Vyumba vya watu wenye ulemavu ni vichache na huwahiwa mapema mno. Pima upana wa kiti chake, gurudumu hadi gurudumu, kisha mwulize wakala upana wa mlango kwa sentimita. Uliza pia kama bafu halina kizingiti. Na kiti hulala humohumo chumbani, koridoni hawaruhusu.

Kinachowaponza wengi ni bandari. George Town, kule kisiwa cha Grand Cayman, meli kubwa hutia nanga nje, abiria wakashushwa kwa boti ndogo. Kiti kizito cha umeme mara nyingi hakipandishwi, hasa bahari ikichafuka. Lakini Cozumel, kisiwa cha Mexico, meli hufunga gatini, mama anashuka darajani akiwa kitini mwake. Mimi ningechagua ratiba yenye magati mengi, hata ikizidi bei kidogo. Mahitaji yake yaandike kwa barua pepe, ya simu husahaulika. Mfikishie shikamoo yangu.