Jibu kwa aliyeuliza kama kuna faida kubishana na watu tusiowafahamu

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna faida yoyote ya kubishana kuhusu sayansi, siasa na teknolojia na watu usiowafahamu, kwa kuwa wiki nzima umejibizana na mtu juu ya chanjo na mwishowe umeambulia matusi. Mimi ni fundi sanifu wa umeme na nimeshiriki mijadala ya namna hiyo tangu mwaka 2012. Jibu langu ni kwamba faida ipo, lakini ina sharti ambalo mimi lilinichukua miaka saba kulielewa: katika karibu kila ubishi wa aina hii kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja, moja linaloweza kupimwa, na jingine linalohusu nani anamwamini nani na nani atakayebeba hasara, na anayelijibu la pili kwa vipimo vya la kwanza humkosa mwenzake kabisa.

Nilianza kulielewa hilo Julai 2019, jiwe la msingi la mradi wa kufua umeme wa Julius Nyerere lilipowekwa kwenye Mto Rufiji, mahali palipojulikana kwa miaka mingi kama Stiegler's Gorge. Furaha yangu ilikuwa ya dhati, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha katika mgao wa umeme. Nikaandika kwamba mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115 kwa jumla, itatupatia uniti bilioni 18 na nusu kwa mwaka, na hesabu yenyewe nikaiweka wazi: megawati 2,115 mara saa 8,760 za mwaka. Mtu mmoja nisiyemfahamu akaniuliza swali fupi: maji ya kuzungusha mitambo yote tisa usiku na mchana, masika na kiangazi, yatatoka wapi?

Swali hilo sikulijibu. Nilimwita kibaraka wa mabeberu, kwa kuwa lugha hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumika siku zile dhidi ya kila aliyeutilia shaka mradi ule, na kwa wiki mbili niliendelea kumshambulia huku watu wengine wakinishangilia. Kinachonisikitisha hadi leo ni kwamba jibu nilikuwa nalijua kikazi. Jenereta ya kilowati 5 inayozimwa saa 16 kwa siku haiwezi kukupa uniti 120, hata kama imeandikwa kilowati 5 ubavuni. Uwezo wa mtambo ni jambo moja, na umeme unaozalishwa kweli ni jambo jingine, linalotegemea maji yaliyopo na mahitaji ya gridi. Makadirio ya mradi wenyewe yalikuwa takribani uniti bilioni 6 kwa mwaka, kama theluthi moja ya hesabu yangu. Hiyo si aibu ya mradi, kwa kuwa bwawa la aina hiyo hujengewa mitambo mikubwa ili liweze kutoa umeme mwingi saa za jioni ambapo kila nyumba imewasha taa, kisha lipumzike. Lakini mimi nilikuwa nimewaambia watu jambo lisilo kweli, na mtu aliyenionyesha mlango wa kutokea nilikuwa nimemtukana.

Niliandika kwamba nimekosea, nikaiweka hesabu sahihi chini ya ile yenye makosa bila kuifuta, kisha nikamwomba radhi kwa neno lile. Siku iliyofuata alinijibu kwa maelezo marefu ambayo sikuyatarajia. Alisema na yeye alikuwa ametia chumvi alipodai kwamba Selous yote itazama, ilhali pori lile la akiba lilikuwa na takribani kilomita za mraba 50,000, na sehemu ya kufunikwa na maji ni asilimia chache tu. Kisha akaeleza kilichokuwa kikimuuma tangu mwanzo. Mama yake analima mlau katika bonde la Rufiji, yaani kilimo kinachofuata unyevu na rutuba inayoachwa na mafuriko yanapopungua, na hofu yake ilikuwa kwamba mto ukishafungwa, yale mafuriko ya kawaida hayatafika tena shambani kwa wakati wake, na udongo unaoletwa na maji utabaki nyuma ya ukuta wa bwawa badala ya kushuka hadi kwenye mikoko ya delta, ambako jamaa zake huvua kamba.

Kwa wiki mbili nilikuwa nikibishana na wakala wa mataifa ya nje niliyemuumba mwenyewe kichwani, na mtu aliyekuwapo kweli alikuwa mtoto wa mkulima wa Rufiji. Tazama pia jinsi mambo yale mawili yalivyokuwa yamefungwa pamoja. Uniti zitakazozalishwa kwa mwaka zinahesabika, na juu ya hilo mmoja wetu alikuwa amekosea na mwingine amepatia. Lakini kama umeme wa nchi nzima una uzito kuliko mlau wa vijiji vya bondeni, na kama una uzito huo basi wanakijiji wale wafidiwe nini, na nani atakayehakikisha wamefidiwa, hayo si maswali ya fizikia, wala hakuna idadi ya megawati inayoweza kuyajibu. Hapo ndipo siasa inapoanza kwa maana yake halali. Mimi bado naamini bwawa lile lilihitajika; yeye bado anaamini lilijengwa bila kuwasikiliza watu wa chini ya mto. Tofauti hiyo tumebaki nayo, na sasa kila mmoja anaweza kuieleza hoja ya mwenzake kwa namna ambayo mwenyewe ataikubali.

Nikija kwenye suala lako la chanjo, nina kisa kilicho karibu sana na chako. Mwaka 2024 Tanzania ilipopanua chanjo ya HPV, inayokinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, kutoka wasichana wa miaka 14 hadi wote wa miaka 9 hadi 14, na kuitoa kwa dozi moja, binti yangu alikuwa katika umri huo. Mtu mmoja akaandika kwamba chanjo hiyo inawafanya watoto wa kike kuwa tasa, kama ile ya pepopunda iliyotolewa Kenya. Watu waliomjibu walimwita mjinga, naye akazidi kukaza. Safari hii mimi nilikaa kimya siku tatu nikisoma, na jambo la kwanza nililolitafuta lilikuwa mizizi ya dai lake, kwa sababu uvumi unaodumu miaka kumi mara nyingi huwa umeota juu ya kitu kilichotokea kweli.

Mizizi niliikuta. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilikuwa na homoni ya ujauzito iitwayo hCG, na serikali ya Kenya pamoja na mashirika ya WHO na UNICEF wakakanusha. Ni kweli pia kwamba, kuanzia miaka ya 1970, wanasayansi waliwahi kufanya utafiti wa chanjo ya uzazi wa mpango kwa kuiunganisha sehemu ya homoni hiyo na protini ya pepopunda, na utafiti huo haukuwa wa siri, kwani ulichapishwa. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba wazo kama hilo halikuwahi kuwepo duniani anasema jambo lisilo sahihi, na mpinzani wake akiupata ukweli huo atakuwa na haki ya kutomwamini katika mengine yote. Nililiandika hilo kwanza, kabla ya kupinga chochote. Nikaongeza kwamba utafiti ule ulihusu kitu tofauti kilichotengenezwa kwa lengo tofauti, na kwamba chanjo ya HPV haina homoni hiyo. Imetengenezwa kwa protini ya ganda la kirusi, bila chembe za urithi za kirusi chenyewe.

Kisha nikatoa hoja ambayo naamini ndiyo yenye nguvu zaidi kwa mtu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa inamtoa kwenye maneno ya wataalamu na kumpeleka kwenye jambo linaloonekana kwa jirani. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011, na iliwafikia zaidi ya tisa kati ya kila kumi. Msichana aliyekuwa na miaka 12 wakati ule alikuwa na miaka 25 mwaka 2024. Kama sindano ile ingekuwa inaua kizazi, wodi za wazazi za Rwanda zingekuwa zimeanza kukosa akina mama wa rika hilo, na jambo la namna hiyo haliwezi kufichwa na wizara yoyote, kwa sababu kila familia ingekuwa na binti wa kulia naye. Nikaeleza pia kuhusu Scotland, ambako watafiti walitangaza mapema mwaka 2024 kwamba miongoni mwa wanawake waliokamilisha chanjo hiyo wakiwa na miaka 12 au 13, hakuna hata mmoja aliyeonekana na saratani ya mlango wa kizazi. Hapa kwetu saratani hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake, na mimi shangazi yangu alifariki kwayo. Hilo nililisema vilevile, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua ninasimama wapi.

Alinijibu kwa neno moja: Kano. Alikuwa anarejea jaribio la dawa lililofanywa na kampuni ya Pfizer katika jimbo la Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, ambapo takribani watoto 200 walishirikishwa na 11 wakafariki; familia nyingi zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa lile ni jaribio, kampuni ikakana kosa, na mwaka 2009 ikakubali kulipa fidia nje ya mahakama. Nilimwambia kwamba yuko sahihi kulikumbuka, na kwamba hata mimi linanikasirisha. Nikamkumbusha pia kilichofuata: mwaka 2003 viongozi wa Kano walisimamisha chanjo ya polio, imani iliyovunjika ikiwa ni sababu mojawapo, na kirusi kikasambaa kutoka kaskazini mwa Nigeria hadi nchi zilizokuwa zimekwisha kukitokomeza, na watoto waliopooza walikuwa wa familia za watu waliokuwa na sababu halisi ya kuogopa.

Baada ya hapo mazungumzo yalibadilika. Hakusema kwamba nimemshinda, na sikumtaka aseme. Aliacha kurudia habari ya utasa, akaanza kuuliza mambo ambayo mzazi yeyote angeuliza: je, mtoto akizimia baada ya sindano nani atamhudumia, je, mzazi anaweza kuomba kuona jina la chanjo na namba yake ya toleo kabla mtoto hajachanjwa, je, kwa nini shule ilipeleka taarifa siku moja kabla. Swali la mwisho lilikuwa malalamiko ya haki kabisa. Nilitambua kwamba wale waliokuwa wakimwita mjinga walikuwa wamelizika swali hilo chini ya matusi yao.

Kuna ubishi mwingine usiohitaji uvumilivu mwingi kiasi hicho. Waliodai kwamba minara ya 5G ndiyo iliyoleta korona niliwajibu kwa tarehe mbili tu: mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na huduma ya 5G ya kibiashara ilianza hapa nchini mwaka 2022. Aliyebadili hoja na kusema kwamba WHO imeyaweka mawimbi ya simu katika orodha ya visababishi vya saratani nilimweleza kwamba mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa shirika hilo uliyaweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kundi ambalo lina hata mbogamboga za kuchachushwa za kiasili za Asia, na kwamba maana yake ni ushahidi hafifu unaohitaji utafiti zaidi. Jibu moja kwa hoja moja linatosha. Hoja ile ile ikirudi bila kitu kipya, siijibu tena, kwa kuwa msomaji aliyenyamaza, ambaye ndiye ninayemwandikia zaidi, amekwisha kulisoma jibu la kwanza.

Wewe umeuliza pia namna ya kujilinda na uchovu. Mimi huandika jibu usiku na kulituma asubuhi. Kabla ya kupinga, huandika dai la mwenzangu kwa maneno yangu na kumuuliza kama nimemwelewa. Karibu nusu ya ugomvi huishia hapo. Humuuliza pia ni kitu gani kikionyeshwa kitamfanya abadili msimamo, na swali hilo hilo hulijibu mimi kwanza. Akisema hakuna, namshukuru na kuondoka. Kwa mtu anayetishia watu au kutaja majina ya familia zao sina mjadala hata kidogo.

Yule ndugu wa Rufiji aliniandikia tena Aprili 2024, mafuriko yalipofunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mama yake alikuwa amepoteza mpunga wote. Mtandaoni watu walikuwa wamekwisha kugawanyika, upande mmoja ukisema bwawa ndilo lililoleta mafuriko, na mwingine ukisema bwawa ndilo lililoyapunguza. Sisi wawili tulikubaliana kutosema lolote mpaka tuwe tumeandika nini kitamwambia kila mmoja kwamba amekosea. Kama katika siku za kilele maji yaliyoachiwa kutoka bwawani yalikuwa mengi kuliko yaliyokuwa yakiingia, mimi nitakubali hadharani kwamba bwawa liliongeza maafa. Kama yalikuwa machache kuliko yaliyoingia, yeye atakubali kwamba lilipunguza, na dai lake litabaki kuwa watu wa bondeni walistahili kuonywa mapema zaidi, dai ambalo mimi naliunga mkono tangu sasa. Yeye anafuatilia takwimu za siku kwa siku za maji yaliyoingia na yaliyotoka, mimi nafuatilia za mvua ya nyanda za juu, na tumeahidiana kwamba atakayezipata kwanza ataziweka hapa zote, pamoja na zile zinazompinga.