Mzee Wetu Hakuwa Mjinga

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mtu akituma barua pepe ya utani yenye tarehe ya uongo ya kupiga kura, wa kulaumiwa ni aliyeitunga au aliyeiamini? Wengi ninaowasikia hujibu haraka kwamba mtu mzima mwenye akili zake haamini upuuzi kama huo, na akiuamini shauri yake. Jibu hilo linanichoma, na nitaeleza kwa nini.

Nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Jumatatu tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza kwamba kura ya gavana hapa kwetu na Kakamega imeahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na makosa. Kura nyingine, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi, zingepigwa kesho yake kama kawaida. Mchana huo mwenzetu mmoja akaandikia ofisi nzima barua pepe kwa lugha ya kiserikali kabisa: kutokana na uhaba wa karatasi, wenye majina yanayoanzia A hadi M watapiga kura Jumanne, waliobaki Jumatano. Sisi wenye kompyuta tulicheka, maana jina la mtumaji lilikuwa pale juu na mizaha yake twaijua. Kijana mmoja akaichapisha, akakata ile sehemu ya juu yenye jina, akaibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa madereva.

Dereva wetu mkongwe, mzee ambaye hajakosa uchaguzi mkuu hata mmoja tangu ule wa vyama vingi wa 1992, jina lake laanzia S. Jumanne alibaki nyumbani. Redio ilikuwa ikisema watu wako foleni, naye akajua hiyo ndiyo zamu ya A hadi M. Jumatano alfajiri akavaa kanzu yake nyeupe, akachukua kitambulisho, akaenda kwenye shule anakopigia kura kule Changamwe. Akakuta foleni hakuna, na askari langoni akamwambia kura zilipigwa jana.

Alipofika kazini watu walicheka hadi wakapangusa machozi. "Mzee, hata wewe?" Akawajibu polepole: "Juzi niliambiwa gavana hapigiwi kura, nikadhani mzaha, kumbe kweli. Hii ya pili ningeikataa kwa lipi?"

Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina. Yule mzee alipima habari mpya kwa habari aliyokuwa nayo, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye busara. Sisi tulijua ni utani kwa sababu tulimwona mtumaji, si kwa sababu tuna akili kumzidi. Jina lilipokatwa, utani uliisha na ikabaki amri.

Marekani nako yalitokea, katika uchaguzi wa 2008 ambao sisi Wakenya tuliufuatilia hadi tukapewa siku ya mapumziko Obama aliposhinda. Usiku wa kuamkia siku ya kura, tarehe 4 Novemba, watu wa Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia, walipata barua pepe yenye jina la mkuu wa taaluma, Peter Stearns, ikisema uchaguzi umesogezwa hadi tarehe 5. Mtu alikuwa ameingia kwenye mfumo wa chuo. Asubuhi Stearns mwenyewe akaandika kwamba uchaguzi ni leo na kwamba hilo ni kosa zito. Alifanya vyema kuwahi. Lakini aliongeza kwamba ana hakika kila mtu ametambua ni uongo, na hapo ndipo ninapompinga. Aliyeamini anaposoma maneno hayo anajiona hayumo katika hao "kila mtu". Atanyamaza, na wala hatauliza kituo chake kinafungwa saa ngapi.

Katika jimbo hilohilo, muda mfupi kabla ya hapo, ilizunguka karatasi yenye sura ya tangazo la bodi ya uchaguzi: wa Republican wapige kura tarehe 4, wa Democratic tarehe 5. Polisi walimpata aliyeitunga, wakasema ulikuwa utani, na hakushtakiwa. Nayo ilikuwa imeshapita mikono mingi isiyomjua.

Najua kuna wanaotaka watunzi wa mambo haya wafungwe. Mmarekani Douglass Mackey, aliyesambaza Twitter mwaka 2016 picha za kuwaambia wafuasi wa Hillary Clinton wapige kura kwa ujumbe wa simu, njia isiyokuwepo, alitiwa hatiani 2023 akahukumiwa miezi saba, kisha mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo 2025. Namba za simu takriban 4,900 zilituma ujumbe kama picha zilivyoelekeza. Nilichosoma kilikuwa kingi juu yake na haki yake ya kusema, na kidogo mno juu ya wenye namba zile.

Kwangu mimi, mtunzi ndiye anayepaswa kulipeleka sahihisho kwa miguu yake kila mahali ulipofika utani wake, siku hiyohiyo, na sisi tuliocheka tuandamane naye. Hata mmoja wetu hakuinuka Jumatatu ile kuibandua karatasi ubaoni. Nami nimo. Nilipita pale mara mbili.

Kura ya gavana ilipangiwa tarehe 23 Agosti, ikasogezwa tena hadi 29. Mzee hakumuuliza mtu wa ofisini. Jumapili jioni tarehe 28 alitembea hadi shuleni, akamwuliza askari langoni, kisha akaisoma mwenyewe tarehe kwenye tangazo la IEBC, neno kwa neno, kabla ya kurudi nyumbani kuipiga pasi kanzu yake.