Damu ya kuku mwenye mdondo: niliyojifunza kwa hasara

Mwezi wa kumi mwaka juzi, Chamwino ikiwa vumbi tupu, mdondo, yaani kideri au Newcastle, kirusi kinachoua kuku, uliingia bandani kwangu. Chanjo nilikuwa nimeiahirisha. Siku ya tatu kuku walipinda shingo, wakaharisha kijani, na kanga niliowaatamishia tetea kwa mayai ya porini wakaanza kusinzia.

Nikatoa damu kwenye mshipa wa bawa, nikafunga vichupa nyuma ya pikipiki, mbio mjini. Jua lilivipika. Maabara wakanionyesha majimaji mekundu: seli zimepasuka, potasiamu imepanda kwa uongo. Wewe weka kichupa kivulini damu igande, majimaji yatenganishwe mapema, yasafiri kwenye ubaridi. Na usimkamue ndege: kuku mzima wa kilo 1 usizidishe mililita 10, mgonjwa chini kabisa ya hapo.

Mara ya pili nikaona sukari ya damu 240 (mg/dL), nikasema kuku wangu ana kisukari. Yule binti wa maabara akacheka: "Mzee, huyu si mtu." Ndege mzima kuvuka 200 ni kawaida. Tetea anayetaga naye ana kalsiamu inayoweza kufika maradufu ya jogoo. Kwa hiyo peleka pia damu ya mzima wa aina ileile, kanga kwa kanga.

Tulichokitazama zaidi ni asidi ya yuriki, ile nyeupe kama chokaa kwenye kinyesi. Ndege hutolea humo taka ambazo sisi tunazitoa kwa mkojo. Mgonjwa hanywi, anaharisha, maji yanapungua mwilini, figo zinaelemewa, yuriki inajaa kwenye damu. Ini likiumia, kimeng'enya cha AST hupanda. Ila misuli nayo hukitoa, kwa hiyo kanga uliyemkimbiza nusu saa atakudanganya. Omba wapime na CK, ambayo ni ya misuli.

Hayo yote hayakutajii kirusi. Mdondo na mafua ya ndege vinaweza kuharibu figo vilevile. Jina la ugonjwa hutoka kwenye pamba ya kooni au mzoga mbichi, basi mwite afisa mifugo kabla hujachinja wala kuuza.

Mdondo hauna dawa. Siku hizi natia tone la chanjo ya I-2 jichoni kila miezi mitatu. Zamu ni Jumamosi hii. Kanga nawafungia tangu Ijumaa usiku, kuwafukuza mchana niliwaachia vijana.