Re: Insha zimejaa methali lakini hazisomeki

Habari mwalimu. Unasema wanafunzi wako wa Gredi ya 8 wanarundika methali, na insha bado haina uhai.

Anza na aya ya kwanza. Ukikuta jua limechomoza na ndege wanaimba, ujue imekaririwa. Mimi hapa Eastlands, Nairobi, niliwaambia wanafunzi wangu waandike safari ya matatu ya asubuhi, methali marufuku. Msichana mmoja akaandika: "Makanga alinipa chenji, sarafu zimelowa jasho." Tulikaa na sentensi hiyo karibu kipindi kizima, kwa sababu kila mtu aliziona zile sarafu.

Kisha wasomeane kwa sauti. Pumzi ikikatika, sentensi ni ndefu, waigawe wenyewe. Tahajia mimi huiacha mwisho. Darasa langu lina wanafunzi 34; kwa darasa la 60 sijajaribu.