Kanzu ya Waviking na sufuria ya maharage

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza uanzie wapi kushona vazi la Waviking, wale mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, la kuvaa kwenye tamasha la York, Uingereza, mwezi wa Februari, na wajukuu zangu watakula nini wewe ukiwa umeshika sindano.

Anza na kanzu, joho liache kwanza. Ukataji wake unaujua tangu dukani kwa babu yako: kiwiliwili, mikono, vikwapa, taharizi. Kanzu za Ulaya ya wakati ule nazo zilikatwa kwa mistatili na pembetatu ili kitambaa kisipotee. Uzi ulisokotwa kwa mkono, nguo ikafumwa kwa mkono. Nani angetupa kipande? Mwaka 1907, kwenye kinamasi cha Bernuthsfeld, Ujerumani, ilipatikana kanzu ya sufu ya karne ya 7 au ya 8 iliyoungwa kwa viraka zaidi ya 40. Kwenye matamasha kila mtu anataka kuwa mfalme. Mimi nampenda huyo wa viraka.

Nguo ya ndani iwe ya kitani, ya juu sufu. Mishono mirefu ya ndani pitisha kwenye cherehani, sitakusema. Shingo na pindo shona kwa mkono, maana huko ndiko macho ya watu huenda.

Chakula sasa. Siku ya kutia rangi ndiyo siku ya kupika maharage, kwa kuwa vyote vinataka moto mdogo na mtu wa kukaa karibu. Mizizi ya madder, mmea wa kutoa rangi nyekundu, isizidi nyuzi joto 70 hivi. Ikichemka, wekundu unageuka hudhurungi. Kabla hujainunua, zoeza mkono kwa maganda ya vitunguu, watoto wakukusanyie. Ila sufuria ya shabu, ile ya kushikisha rangi kwenye nguo, na ya rangi yenyewe isirudi kwenye chakula kamwe, hata uisugue vipi, wala mwiko wake. Itie alama kubwa, maana mumeo akiingia jikoni hachagui chombo.

Kambini usipeleke maharage hayo. Yalikuwa bado Amerika zama hizo, pamoja na nyanya, viazi na mahindi. Pika njegere kavu na shayiri, vitunguu vingi, kipande cha nyama ya chumvi. Watoto wakinuna, mkate upo.

Nitumie vipimo vya kifua, mkono na urefu hadi gotini. Kitani ninacho, kinatosha nguo ya ndani moja.

Mama yako